Fifty Shades of Grey: usome kitabu au uangalie filamu?

Kwenye mzunguko wetu wa kupeana vitabu hapa Kigoma, unaoanzia Mwanga ukateremka mpaka Ujiji, kila anayejiunga huuliza swali hili mapema: Fifty Shades of Grey nianze na kitabu, au niangalie tu muvi yaishe? Nimelijibu sana kwa mdomo, tena kwa haraka, na jibu la haraka halitoshi kwa sababu wanaouliza hawatafuti kitu kimoja. Mmoja anataka mapenzi. Mwingine amesikia kuna viboko, anataka kujua ni viboko gani hivyo. Wa tatu kaambiwa na mumewe waangalie pamoja, anaogopa.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiye na muda asihangaike: ukiwa na nafasi ya kimoja tu, chukua kitabu, pamoja na uandishi wake mbovu. Filamu ina sehemu moja iliyo bora kuliko ukurasa wowote wa kitabu, nami nitaieleza, ila sehemu hiyo moja haibebi saa mbili nzima. Na hiki ni kitu cha watu wazima, kitabu na filamu yake. Kisiachwe juu ya meza mahali watoto wanapofanyia kazi za shule.

Hadithi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Anastasia Steele anamalizia masomo ya fasihi ya Kiingereza chuoni, katika jimbo la Washington, Marekani. Mwenzake wanayekaa naye, Kate, anaugua wakati amepangiwa kumhoji tajiri mmoja kwa ajili ya gazeti la chuo, hivyo Ana anakwenda badala yake. Tajiri ndiye Christian Grey: miaka 27, kampuni yake iko Seattle, ana helikopta, na nyumbani kwake kuna chumba kimoja kinachofungwa kwa ufunguo. Hataki uchumba. Anataka mwanamke atakayekubali kwa mkataba wa maandishi kumtii, kufungwa kamba na kuchapwa kwa kiasi watakachoelewana. Ana hajawahi kulala na mwanamume. Kitabu na filamu vinafuata njia moja kuanzia mahojiano mpaka kuachana, kwa hiyo ukitafuta tofauti kwenye matukio hutaipata ya maana. Tofauti iko kwa anayekusimulia.

Kitabu: kichwani mwa Ana

Kitabuni msimulizi ni Ana mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kurasa zaidi ya 500. Unachokijua ni kile anachokiona yeye, na unakijua saa ile ile anapokiona.

Nianze na ubaya, maana hauwezi kufichika. Ana anauma mdomo wa chini mara zisizohesabika. Anashangaa kwa maneno yale yale, kurasa baada ya kurasa. Ndani yake kuna mungu wa kike anayeruka na kucheza kila Grey anapomgusa, na kuna sauti nyingine inayomtazama juu ya miwani na kumkaripia kama mama mkwe aliyekuja bila taarifa. Mara ya kwanza unatabasamu. Ukifika katikati ya kitabu unaziruka sentensi hizo kwa macho, na hupotezi chochote.

Ubovu huo una chanzo. E L James, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya televisheni, alianza kuiandika hadithi hii mtandaoni, kwa jina la bandia, kama shabiki wa Twilight, zile riwaya za mapenzi ya msichana na mnyonya damu, aliyekuwa akijitungia hadithi yake kutoka kwenye ile anayoipenda. Wasomaji walikuwa wakiisubiri kipande kwa kipande. Baadaye wahusika wakapewa majina mapya, kampuni ndogo ya Australia ikaitoa kama kitabu mwaka 2011, na mwaka 2012 wachapishaji wakubwa, Vintage, wakaichukua na kuisambaza duniani. Kufikia mwanzoni mwa 2014, vitabu vitatu vya mfululizo huo vilikuwa vimeuza zaidi ya nakala milioni 100. Kazi iliyoandikwa kwa vipande hurudia, kwa sababu msomaji wa leo anaweza kuwa amesahau kipande kilichopita. Hakuna mhariri aliyekaa baadaye akaondoa marudio hayo, na angepaswa kuondoa mengi.

Lakini chanzo hicho hicho ndicho kinachokifanya kitabu kigome kuwekwa chini. Kila sura inakatika mahali pabaya, pale pale unapotaka kujua kinachofuata. Nimeona watu wasiosoma hata gazeti wakikimaliza, na wanakisoma kwa Kiingereza wanachokiita kigumu. Si kigumu. Sentensi zake ni fupi na maneno ni ya kila siku. Anayejitia woga kwa sababu ya lugha, aondoe woga.

Kitu kizuri kuliko vyote kitabuni hakipo chumbani. Ni barua pepe. Grey anamletea Ana laptopu ili asome mwenyewe kuhusu mambo yaliyomo kwenye mkataba, na hapo wanaanza kuandikiana. James anaziweka barua ukurasani kama zilivyo: nani kaandika, mada gani, tarehe na saa, na chini yake sahihi ya Grey yenye cheo chake cha mkurugenzi. Mwanzoni mada ni kavu. Kisha zinaanza kuwa za uchokozi, na hata ile sahihi inaingia kwenye mchezo, cheo kinaongezewa maneno ya kumtania Ana. Mwanamume ambaye wakikaa ana kwa ana ni amri tupu, kwenye barua anacheka. Na msichana anayebabaika mbele yake, kwenye kibodi anamjibu bila kutetemeka. Angalia saa zilizoandikwa juu ya kila barua uone majibu yanavyozidi kufuatana kwa karibu. Wengi wetu tumetongozwa kwa meseji, tunajua maana ya jibu linalokuja kabla hujaiweka simu chini.

Kwenye filamu barua hizo zimebaki chache, zinapita kwenye skrini na kupotea. Ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Ukiziondoa, mtazamaji haoni ni wapi hawa wawili walipendana. Anaona tu kwamba wanatamaniana.

Filamu: kila kitu kinang'aa

Filamu ilitoka Februari 2015, imeongozwa na Sam Taylor-Johnson, Mwingereza aliyekuwa msanii wa picha kabla ya kuingia kwenye filamu, na mswada uliandikwa na Kelly Marcel. Dakota Johnson ndiye Ana, Jamie Dornan ndiye Grey. Iligharimu dola milioni 40 na ikaingiza zaidi ya milioni 560 duniani kote. Hivyo anayekwambia haikupendwa, mwambie ililipwa. Mwaka uliofuata ilipata tuzo tano za Golden Raspberry, zile zinazotolewa kwa kazi mbovu, ikiwemo filamu mbaya ya mwaka kwa kufungana na Fantastic Four.

Moja ya tuzo hizo, ya mwigizaji mbaya wa kike, alipewa Dakota Johnson, na mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Yeye ndiye sababu ya kuiangalia. Amefanya kwa uso na pumzi kile ambacho James hakukiweza kwa kurasa. Kuna pale Grey anapoingia kwenye duka la vifaa analofanyia kazi Ana, ananunua kamba, utepe wa gundi wa karatasi na vile vifungo vya plastiki vya kubania nyaya. Kitabuni Ana anatueleza kwa kirefu anavyojisikia. Kwenye filamu Dakota anampeleka kati ya rafu kama anavyompeleka fundi yeyote, anamtania kwamba manunuzi yake ni ya muuaji, na ukiangalia shingo yake unaona anajizuia kucheka na kujizuia kukimbia kwa wakati mmoja. Msichana huyu ana akili. Ana wa kitabuni tunaambiwa ana akili.

Jamie Dornan ni habari nyingine. Awali nafasi hiyo alipewa Charlie Hunnam, akajitoa mwezi Oktoba 2013, upigaji picha ukiwa umekaribia. Dornan akaingia kwa haraka, na inaonekana. Anasimama vizuri, suti inamkaa, lakini maneno mazito ya Grey yanatoka mdomoni mwake kama anayasoma. Kitabuni ukali wa Grey unapita kwenye macho ya msichana anayempenda, kwa hiyo unaukubali. Ukiuweka mbele ya kamera bila macho hayo, unabaki na bwana aliyenuna.

Na hapa kuna jambo zito. Grey anafuatilia simu ya Ana ajue alipo usiku. Anauza kigari chake cha zamani bila kumuuliza, anamnunulia kipya. Ana anaposafiri kwenda Georgia kumuona mama yake ili apate kufikiri, bwana anamtokea huko huko. Mambo haya yamo kitabuni na kwenye filamu pia. Kitabuni unamsikia Ana akijishawishi, akiona aibu, akiogopa, akifurahi kutafutwa, na wewe msomaji unapata nafasi ya kubishana naye. Filamu haina sauti hiyo. Tunaona tu mwanamume anatokea, na muziki mzuri unapigwa. Tuliiangalia na wifi yangu, akaniambia, "Wifi, huyu hapendi, huyu anapeleleza." Alisema kweli. Dada anayetoka kwenye ndoa ya mume wa namna hiyo, mimi simpi filamu hii wala kitabu hiki.

Kwa nini filamu ikawa hivi? Sehemu ya jibu ni kwamba E L James alijipatia kauli kubwa juu ya utengenezaji wake, jambo ambalo waandishi wengi hawalipati. Yeye na mwongozaji hawakuelewana, na Taylor-Johnson amesema hadharani kwamba angejua asingeifanya. Marcel naye amesema hakuweza kuiangalia filamu baada ya mswada wake kubadilishwa. Unapoitazama unaziona filamu mbili zinavutana: moja ya mwanamke anayemcheka kidogo tajiri huyu na kumpima, nyingine ya mwandishi anayetaka maneno yake yasiguswe. Kila ile ya kwanza inapoanza kuchangamka, ya pili inaingia na sentensi ya kitabuni.

Meza ya mkataba

Ile sehemu moja niliyoahidi ni ya majadiliano ya mkataba. Kitabuni wanajadiliana hotelini, kwenye chumba cha faragha cha chakula, na ni mazungumzo marefu yaliyochanganyika na oyster, divai na mapigo ya moyo ya Ana. Filamu imewahamishia ofisini kwa Grey. Meza ndefu ya vikao, yeye upande huu, Ana upande ule, mwanga mwekundu wa jioni. Ana kaja na karatasi zake. Anataka kufanya kikao.

Anapitia kifungu kimoja baada ya kingine. Hiki kifutwe. Hiki nacho kifutwe. Hiki ni kitu gani? Grey anajibu kwa heshima ya kibiashara, anakubali kufuta, na kadiri anavyokubali ndivyo unavyoona meza inavyomgeukia. Tajiri aliyezoea kuandika masharti anajikuta anasubiri msichana ageuze ukurasa. Hakuna anayeguswa. Hakuna aliyevua hata kiatu. Na hakuna sehemu nyingine kwenye filamu yenye joto kama hiyo. Kisha Ana anatangaza kikao kimekwisha, anaondoka, akimwacha pale pale na karatasi zake.

Sisi tuliolelewa na taarabu na mafunzo ya makungwi tunalijua hili tangu ukumbini: mahaba hukolezwa na kinachozuiliwa. Mwimbaji hasemi jina la mtu, na ukumbi mzima unajua. Filamu ililielewa hilo mara moja tu, kwenye meza hii. Kwingine kote inaonesha. Chumba chekundu, kile kinachofungwa kwa ufunguo, kimepangwa kama duka la samani, ngozi inang'aa, kamba zinang'aa, miili inapigwa picha kwa ustadi, kisha tunahamia kesho yake asubuhi. Aliyeifuata kwa ajili ya viboko atakuta vichache na vya adabu. Kitabu ni kikali zaidi kwa mbali, na kinakaa chumbani kwa kurasa nyingi bila kugeuza uso. Huo ndio ukweli, na anayechagua lazima aujue: ukitaka staha, filamu ndiyo yenye staha. Ukitaka moto, uko kwenye karatasi.

Kuhusu nakala zinazozunguka

Hapa mjini wengi hawaioni filamu yenyewe. Wanawekewa kwenye flashi nakala iliyowekewa msimulizi wa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Msimulizi wa namna hii ananifurahisha sana kwenye picha za ngumi na za kivita, maana anaongeza uchangamfu. Kwenye hii anaua. Nakala iliyonifikia mimi ilikuwa imekatwa sehemu za chumbani, hilo nalielewa, ila pale kwenye meza ya mkataba, ambapo kazi yote inafanywa na ukimya kati ya swali na jibu, msimulizi hakunyamaza hata mara moja. Alijaza kila pengo kwa vichekesho vyake. Aliyeiona kwa njia hiyo tu asiseme ameiona. Ukipata yenye sauti ya asili na maandishi chini, ndiyo uichague, hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, kwa sababu Dakota Johnson anaeleweka bila maneno.

Wenye ndugu Kenya wajue kwamba bodi ya filamu ya huko iliipiga marufuku mwaka 2015. Malaysia nao walifanya hivyo.

Nani achukue kipi

Mke na mume wanaotaka kukaa pamoja jioni: filamu, mlango ukiwa umefungwa na watoto wamelala. Inafungua mazungumzo bila kumtia mtu aibu sana. Isimamisheni baada ya meza ya mkataba muulizane maswali yale yale: hiki ndiyo, hiki hapana, hiki sikijui. Mtafaidika zaidi kuliko kwa kumalizia saa iliyobaki. Mkiona mnataka kuiga yale ya kamba, msiichukue hadithi hii kuwa mwongozo. Hata ndani yake Ana hasaini mkataba mpaka mwisho, na kuna maneno mawili ya kujilinda, njano la kuonya na nyekundu la kusimamisha, ambayo hayakutumika siku yalipohitajika.

Msafiri wa treni ya Dar: kitabu, bila kufikiri mara mbili. Njia ni zaidi ya kilomita 1,200, na simu haidumu na chaji mpaka mwisho. Kivalishe gazeti. Jalada lake la tai ya kijivu linajulikana siku hizi, na kuna abiria atakayetaka kukuhubiria kuanzia Uvinza.

Aliyelelewa na riwaya za Ben Mtobwa, akizoea kisa kinachokwenda mbio na mji unaonuka jasho: kitabu kitamchosha, maana hakuna kisa zaidi ya atasaini au hatasaini. Huyo aangalie filamu kwa ajili ya Seattle ya vioo, ambayo kwa kweli ni Vancouver ya Kanada, na kwa ajili ya nyimbo. "Earned It" wa The Weeknd uliteuliwa kuwania Oscar, na ni haki yake.

Mwanafunzi wa uandishi: vyote viwili, kitabu kwanza. Utajifunza jinsi msimulizi mmoja anavyoweza kubeba hadithi hata akiwa anaongea vibaya, na utaona kinachotokea anaponyamazishwa.

Mtu anayeuliza sehemu ya pili na ya tatu, za 2017 na 2018, nitamjibu kwa ufupi. Mwongozaji ni mwingine, James Foley, na mswada umeandikwa na Niall Leonard, mume wa E L James. Ile filamu ya mwanamke anayecheka haimo tena. Kwenye mfululizo huo, vitabu vinashinda bila ushindani.

Umebaki mwisho wa sehemu ya kwanza, na hapa nina ombi kwa waliokwisha kuangalia filamu wakaona wametapeliwa. Ana anaomba aoneshwe ukali wote, Grey anamchapa mkanda mara sita huku Ana akihesabu, na msichana anaamua kuondoka. Filamu inakatika kwenye lifti: kila mmoja anataja jina la mwenzake, milango inafunga, giza. Watu wengi walibaki wameduwaa kwenye viti. Kitabu hakimwachi Ana kwenye lifti. Kinakaa naye akirudisha laptopu, simu na funguo za gari, akiomba alipwe fedha za kile kigari chake kilichouzwa, akimwachia Grey zawadi ndogo aliyomnunulia, ndege ya kuunganisha kwa mkono. Kisha dereva anamrudisha kwake, na pale kitandani analia bila mungu wa kike wala mzaha wowote. James ameandika vizuri hapo. Huhitaji kusoma kurasa zote 500 kulijua hilo: azima kitabu, fungua sura ya mwisho, uisome baada ya ile lifti.